Makadirio, Bila Hilo "Tu"

Nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa fizikia wa sekondari, mtu makini aliyefundisha kwa miaka mingi. Nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi tunavyohesabu mtawanyiko wa chembe katika migongano ya nishati kubwa, ubao umejaa, nakung'uta chaki mikononi. Akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Kwa hiyo hayo yote ni makadirio tu? Nadharia yenyewe, ile ya kweli, mtaipata lini?"

Wanafunzi wa kidato cha sita huniuliza hivyo hivyo. Mjomba wangu huniuliza kila tukikutana arusini. Wale wanaoniletea bahasha zenye "nadharia ya kila kitu" hulianza swali hili kabla hata ya salamu, na wao tayari wana jibu. Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, kwa haraka, mlangoni. Leo nalijibu kwa kalamu.

Makadirio nayakubali, tena ndiyo kazi yangu. Ninachokikataa ni hilo "tu".

Katika mazungumzo ya kila siku, anayekadiria na anayebahatisha hutiwa kapu moja. Kwetu hawafanani hata kidogo. Anayebahatisha hajui amekosea kwa kiasi gani. Anayekadiria hukupa jibu, kisha hukwambia kosa lake halivuki wapi na kwa sababu gani, na ukimtaka alipunguze anajua ni kipande gani cha hesabu aongeze. Mbinu ninayoizungumzia imejengwa juu ya nidhamu hiyo. Darasani huiita nadharia ya kiwango: nadharia ya uga iliyoundwa kwa ajili ya kiwango fulani cha nishati, ikiweka ndani chembe zinazoweza kutokea katika kiwango hicho, ikiacha nje zilizo nzito mno, na ikitaja wazi mpaka wake.

Imani iliyojificha nyuma ya swali la mwalimu ni kwamba maumbile ni kama ghorofa: huna haki ya kusema lolote kuhusu orofa ya tatu kabla hujafukua msingi. Mpaka tujue kilicho chini kabisa, iwe nyuzi au kitu kingine, kila hesabu ya huku juu ni ya kushikilia kwa muda. Watu wenye akili wanaiamini. Waandishi wa habari za sayansi huieneza kila mwaka. Ni potofu, na ningependa kuibomoa tofali kwa tofali.

Tuanze na anga. Mwaka 1871 Lord Rayleigh alieleza kwa nini ni la buluu. Wakati huo elektroni ilikuwa haijagunduliwa. Hiyo ilingoja 1897. Kiini cha atomi kilingoja 1911. Wanasayansi wazito walikuwa bado wanabishana kama atomi zipo. Alichokuwa nacho Rayleigh ni vijisehemu vidogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na sharti kwamba vizio vya upande huu wa mlinganyo vilingane na vya upande ule. Kwa hayo akapata kwamba nguvu ya mwanga unaotawanywa hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Gawanya nanomita 700 za nyekundu kwa nanomita 450 za buluu, upandishe kipeo cha nne: buluu hutawanywa karibu mara sita zaidi. Tangu hapo tumeipata elektroni, kiini, kwaki na gluoni, na hakuna hata kimoja kilichokigusa kile kipeo cha nne. Wimbi la mwanga ni refu kuliko atomi mara maelfu, kwa hiyo haliwezi kupekua yaliyo ndani yake. Yote yaliyomo humo, kwa wimbi hilo, yamefumbatwa katika namba moja inayosema wingu la elektroni huyumbishwa kwa wepesi gani. Atakayesema Rayleigh alituachia buluu ya muda na ajitokeze.

Sasa migongano yenyewe. Mwaka 1934 Enrico Fermi alichapisha nadharia ya uozo wa beta. Nyutroni inageuka protoni, zinatoka elektroni na antinyutrino, na yote manne yanakutana katika nukta moja. Hakuna mjumbe wa kupeleka nguvu kutoka hapa hadi pale. Kuna namba moja, ambayo leo tunaijua kuwa 1.1664 × 10⁻⁵ kwa kila GeV kipeo cha pili. GeV ni nishati inayokaribia ile iliyofungwa ndani ya uzito wa protoni moja. Kila mara nitakapotaja uzito wa chembe nitautaja kwa kipimo hicho.

Miaka 49 ikapita. Mwaka 1983, kwenye maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mjumbe akaonekana: bosoni ya W, yenye GeV 80 na kidogo, nzito kuliko protoni mara 86 hivi. Hapa ndipo muulizaji wangu hunikatiza kwa furaha: si unaona, Fermi alikosea! Kulikuwa na kitu pale katikati, naye akakiacha.

Hakukosea. Tupime alichoacha. Muoni, yule ndugu mzito wa elektroni, huoza kwa nguvu hiyo hiyo, na nishati yote iliyopo katika uozo wake ni uzito wake mwenyewe, GeV 0.106. Nadharia ya kiwango inasema kosa la kuiacha W nje ni uwiano wa nishati hiyo na uzito wa W, kwa kipeo cha pili. Ukiingiza namba zote, mchango wa W katika muda wa kuishi wa muoni unatoka sehemu moja katika milioni. Kipimo bora kabisa cha muda huo kilifanyika katika Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi, na kosa lake nalo ni sehemu moja katika milioni. Wafanyakazi wa jaribio lile walikusanya muoni zaidi ya trilioni moja ili kufika pale ambapo ufupisho wa Fermi wa mwaka 1934 ungeanza kwa taabu kuonekana. Kwa nyutroni hali ni ya kuonea huruma zaidi upande wa mbishi: nishati iliyopo ni ndogo mara themanini hivi kuliko ya muoni, na kosa linakuwa dogo mara maelfu.

W haikupotea katika nadharia ya Fermi. Uzito wake na nguvu yake ya kuungana na chembe nyingine vilikuwa ndani ya ile namba moja, vimegawanywa kimoja kwa kingine. Fermi aliipima W bila kuijua jina.

Kuna jambo ambalo wabishi hawalitaji kabisa. Nadharia ya kiwango hukwambia yenyewe itakufa wapi. Tazama kizio cha namba ya Fermi: moja chini ya nishati kipeo cha pili. Kizio hicho peke yake kinalazimisha uwezekano wa nyutrino kugongana na elektroni uongezeke jinsi nishati inavyoongezeka, bila kukoma. Ukifika mamia ya GeV, jumla ya uwezekano wa matukio yote inavuka asilimia 100. Hilo haliwezekani, na nadharia yenyewe ndiyo inayokuonyesha. Ujumbe wake ni kwamba kabla ya kufika hapa, lazima utakutana na kitu kipya. Kitu kipya kilikuwa kwenye GeV 80, ndani ya mpaka.

Kisha ikatokea tena. Mwaka 1977 Benjamin Lee, Chris Quigg na Harry Thacker walihesabu W zikitawanyana zenyewe kwa zenyewe. Bila bosoni ya Higgs, au kwa Higgs nzito kupita kiasi, hesabu huvunjika karibu na GeV 1,000. Kwa hiyo ama Higgs ipo chini ya hapo, ama kuna jambo jingine jipya karibu na hapo. Njia ya tatu hakuna. Hiyo ni moja ya sababu kubwa zilizofanya shimo la CERN la kilomita 27 litiwe mashine ya nishati ile na si nyingine. Tarehe 4 Julai 2012 Higgs ikatangazwa, GeV 125. Naomba mnionyeshe "nadharia ya kila kitu" moja iliyowahi kutoa anwani ya namna hiyo, ikaandikwa miaka 35 mapema.

Na wanaosema kwamba ukiacha Higgs hatujaona kitu kipya, nawapa nyutrino. Mwaka 1979 Steven Weinberg aliuliza: tukiichukulia Modeli Sanifu, nadharia ya sasa ya chembe tuzijuazo, nayo kuwa nadharia ya kiwango, kipengele cha kwanza kabisa cha kuiongezea ni kipi? Kipo kimoja, na kazi yake ni kuzipa nyutrino uzito mdogo sana. Mwaka 1998 jaribio la Super-Kamiokande huko Japani likaonyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikisafiri, jambo lisilowezekana kama hazina uzito. Ukigeuza uzito huo kuwa kiwango cha nishati kwa kipengele cha Weinberg, na ukichukulia nguvu ya kuungana isiyo ndogo wala kubwa ajabu, unapata GeV karibu 10¹⁵. Mgongano mkubwa kabisa wa protoni mbili tulioutengeneza, mwaka 2022, ni wa GeV 13,600. Hatuna mashine ya kufika kule. Huenda tunaziona nyayo zake.

Mbishi akishindwa hapo huhamia kwenye infiniti. Mnapata majibu yasiyo na mwisho, husema, halafu mnayafagia chini ya mkeka na kuita renomalizesheni. Lawama hii ina heshima yake. Paul Dirac mwenyewe hakuwahi kuridhika. Lakini imepitwa na wakati kwa nusu karne. Infiniti zile zilitokea kwa sababu tuliiachia nadharia ihesabu mawimbi mafupi mno, yaliyo ng'ambo ya mpaka wake, mahali ambapo haina habari yoyote. Kenneth Wilson, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yake juu ya mabadiliko ya hali ya maada, alituonyesha cha kufanya: kata hesabu kwenye mpaka, kisha ushushe mpaka huo hatua kwa hatua, ukiandika namba za nadharia zinavyobadilika njiani. Mchango wa mawimbi mafupi hugeuka kuwa marekebisho ya namba chache. Mkeka umeinuliwa, chini yake pamefagiliwa.

Sasa nifike kwenye dawa yenyewe inayouzwa, kwa maana imani potofu haikosi mganga. Dawa ni hii: tafuta mlinganyo kamili, uingize kwenye kompyuta kubwa, makadirio yaishe. Bahasha zote ninazoletewa zinaishia hapo. Jibu langu ni kwamba tumeshapewa nafasi ya kuijaribu dawa hii, na haikutibu.

Mlinganyo kamili wa nguvu inayofunga kwaki tunao tangu 1973, mwaka ambao David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba nguvu hiyo hudhoofika jinsi nishati inavyopanda. Walipewa Nobel mwaka 2004. Katika viwango tunavyovifikia hakuna mtu mwenye shaka na mlinganyo ule. Basi tungetarajia kwamba kwenye nishati kubwa, ambako nguvu ni dhaifu, hesabu iwe nyepesi: kila hatua ya mfululizo ni kama sehemu ya kumi ya iliyotangulia, unajumlisha hatua mbili tatu, unakwenda kulala.

Jaribu kwa jeti. Kwaki ikirushwa kwa nguvu haionekani peke yake; hutoka kama mchirizi mwembamba wa chembe nyingi zinazoelekea njia moja. Huo ndio tunauita jeti. Chukua jeti ya nishati ya GeV 500 yenye uzito wa GeV 20. Hesabu yake ina viwango viwili vilivyo mbali, na kila viwango viwili vinapoachana hivyo, inazuka logi ya uwiano wao, tena kwa kipeo cha pili. Vladimir Sudakov alilionyesha hili katika nadharia ya umeme mwaka 1956. Uwiano hapa ni 25. Logi asilia ya 25 ni 3.2. Kipeo cha pili chake ni 10. Nguvu ya kuungana ni 0.1. Zidisha: unapata 1. Hatua ya pili inaweza kuwa kubwa sawa na ya kwanza, ya tatu sawa na ya pili, na mfululizo haufiki popote. Mlinganyo kamili unao mkononi, sahihi, wenye Nobel, na jibu huna. Kompyuta kubwa itakuhesabia hatua moja zaidi ya mfululizo usiofika.

Tatizo ni kwamba mlinganyo mmoja umeulizwa maswali matatu kwa wakati mmoja. Kuna mgongano wenyewe, wa GeV mamia, unaotokea ndani ya eneo dogo mno. Kuna chembe zinazosafiri pamoja ndani ya jeti, zikiachana kwa pembe ndogo. Na kuna gluoni laini, yaani zile chembe zinazobeba nguvu ya kufunga kwaki, zenye nishati ndogo, zinazotoka kila upande, zisizoona jeti ila kama mshale wenye rangi (chaji ya nguvu hiyo) na mwelekeo. Kati ya 2000 na 2001, Christian Bauer, Sean Fleming, Michael Luke, Dan Pirjol na Iain Stewart walijenga nadharia ya kiwango inayoyatenga haya matatu kabla ya kuhesabu. Awali waliihitaji kwa uozo wa chembe zenye kwaki ya aina ya b, si kwa migongano kabisa. Ilihamia huku baadaye kwa sababu umbo la tatizo lilikuwa lile lile. Uwezekano wa tukio zima unagawanyika kuwa zao la vipande: kimoja cha mgongano, kimoja cha kila jeti, kimoja cha gluoni laini. Kila kipande kina kiwango kimoja cha nishati. Palipo na kiwango kimoja hakuna uwiano wa viwango viwili, na logi kubwa haina pa kuzaliwa. Unakihesabu kila kipande nyumbani kwake, kisha unatumia hatua za Wilson kuvileta vyote kwenye kiwango kimoja. Zile logi zote, za hatua zote hadi mwisho wa mfululizo, zinajijumlisha njiani.

Hapo nadharia ya kiwango haikukaa badala ya nadharia kamili tusiyoijua. Nadharia kamili ilikuwa mezani. Tulipokataa kuitumia nzima ndipo tulipoona.

Mbinu hii nayo ina mikwaruzo. Mwaka 2010 kundi alilokuwamo Stewart lilichambua umbo la migongano ya elektroni na pozitroni kwa njia hii, likapata nguvu ya kuungana ya 0.1135, wakati wastani wa dunia ni karibu 0.118. Kosa walilolitaja ni dogo kuliko pengo hilo. Ubishi mkubwa uko kwenye sehemu ambayo kwaki na gluoni hugeuka chembe za kawaida, nasi tunaweza kuuonyesha kidole ulipo: ni kipengele gani, cha ukubwa gani. Mganga hawezi kukuonyesha ubishi wake ulipo.

Nafasi inakwisha, kwa hiyo kwa wanaotaka kushika jembe, haraka haraka. Uozo wa chembe nyepesi kuliko W: tumia Fermi, na usijisumbue. Pioni kwa nishati ndogo: ipo nadharia ya kiwango inayotokana na ulinganifu wa kwaki. Kwaki moja nzito ndani ya chembe: ipo nyingine. Jeti na logi kubwa: ile ya Bauer na wenzake. Unatafuta fizikia mpya kwenye data za CERN bila kujua chembe gani uitafute: ongeza kwenye Modeli Sanifu vipengele vya ngazi ya sita, vinavyofuata kile cha Weinberg. Wilfried Buchmüller na Daniel Wyler waliviorodhesha 80 mwaka 1986. Kundi la Warsaw mwaka 2010 likaondoa vilivyojirudia, vikabaki 59 kwa kizazi kimoja cha chembe, ukiacha vile vinavyoruhusu protoni kuoza. Kwa vizazi vitatu ni namba 2,499, hivyo usijaribu kuvipima vyote siku moja; chagua vinavyogusa tukio lako. Mvutano: John Donoghue alionyesha mwaka 1994 kwamba hata huo unahesabika kwa njia hii, kwa umbali mrefu, bila kungoja nadharia ya mwisho. Na kila mara, kabla ya kuamini jibu, gawanya nishati yako kwa mpaka wa nadharia. Ukikaribia moja, acha. Makosa mengi ninayoyaona kwenye tasnifu yanatokana na kuruka hatua hiyo moja. Aliye Afrika Mashariki asidhani lazima apande ndege ya Ulaya kwanza: Kigali kuna taasisi ya fizikia ya msingi, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, na inafundisha shahada ya uzamili.

Mwalimu yule nilimpa kazi ya nyumbani, nami nawapa wasomaji ile ile. Kikokotoo cha shule kinatosha. Muda wa kuishi wa muoni, kwa nadharia ya Fermi, ni 192 mara pai kipeo cha tatu, gawanya kwa namba ya Fermi kipeo cha pili, gawanya tena kwa uzito wa muoni, 0.10566, kipeo cha tano. Ukipata jibu, zidisha kwa 6.582 × 10⁻²⁵ ili GeV zigeuke sekunde. Utapata mikrosekunde 2.187. Maabara inasema 2.197. Pengo ni karibu nusu ya asilimia moja, na mwalimu aliponipigia simu jioni ile alikuwa na uhakika kwamba hiyo ndiyo W iliyoachwa nje. Nilimwomba akague tena. Karibu pengo lote hilo ni fotoni, na kipande kidogo ni uzito wa elektroni tulioupuuza. Vyote viwili vinahesabika ndani ya nadharia ile ile ya Fermi. W ipo mbali zaidi, kwenye tarakimu ya sita baada ya nukta.